Kisanduku cha fundi wa Pwani hakijawahi kuwa cha rangi moja

Mwaka jana niliposti video ya sekunde 40. Sikusema neno. Nafungua sanduku, natoa vifaa kimoja kimoja, napanga kwenye meza: drili ya betri, grainda ya betri, msumeno wa betri, taa ya betri, halafu nyundo, bisibisi na koleo. Vyote rangi moja, jina moja. Hadi glavu. Hiyo video ilienda kuliko kitu chochote nimewahi kuweka hapa. Watu wakaweka emoji za moto, wakauliza bei, wakaanza kubishana kampuni gani ni kali kuliko nyingine.

Katikati ya hizo komenti kuna moja ilinikaa kichwani: "Safi bro. Umetengeneza nini nazo?"

Wasee, ukweli ni kwamba nilikuwa nimetengeneza rafu moja. Na rafu yenyewe ilikuwa imeinama upande.

Sikumjibu. Hii posti ndiyo jibu lake. Imechelewa na ni ndefu, kwa hivyo tafuta chai kwanza.

Niseme mapema, sijakuja kuwacheka wanaopenda seti. Mimi ni mmoja wao. Nilipoacha chuo nilichukua pesa zilizokuwa zimebaki nikaziweka kwenye hivyo vifaa, na zilizopungua nikawa nalipa mdogo mdogo kila mwezi. Nilijiambia naanza ufundi. Kumbe nilikuwa nanunua ile hisia ya kuonekana fundi. Sasa nikaanza kujiuliza: hiyo hisia nani aliitengeneza? Na sisi watu wa Pwani tuliingiaje kwenye haya mambo? Nikaanza kusoma. Hadithi ni ya zamani kuliko nilivyodhani, na inaanzia karibu sana na nyumbani.

Mkasi wa Gede

Ukitoka hapa Dabaso, magofu ya Gede ni safari fupi ya bodaboda. Wengi wetu tulienda na shule, tukapiga kelele, tukakimbizana na tumbili, tukarudi. Mwaka 2024 UNESCO ikayaingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia na ghafla kila mtu akakumbuka kwamba tuna mji wa kale mlangoni.

Mtu aliyefukua sehemu kubwa ya mji huo ni James Kirkman, alianza 1948 na kazi ikaendelea kwa miaka kumi. Hakujua nyumba zilikuwa za nani, kwa hivyo akazipa majina kulingana na vitu alivyookota ndani. Ndio maana leo ukizunguka utaambiwa hii ni Nyumba ya Kauri, hii ni Nyumba ya Taa ya Chuma, na hii hapa ni Nyumba ya Mkasi.

Hebu fikiria. Mji wa mawe, wenye misikiti, visima, vyoo ndani ya nyumba, na nyumba nzima inakumbukwa kwa sababu mtu aliacha mkasi. Watu walihama Gede mwanzoni mwa miaka ya 1600. Jina la mwenye nyumba limepotea, kifaa chake kimebaki.

Na kama unadhani biashara ya vifaa vya kutoka ng'ambo ilianzia hapo, rudi nyuma zaidi. Kuna kitabu cha mwongozo wa wafanyabiashara wa baharini kilichoandikwa kwa Kigiriki karibu miaka 2,000 iliyopita, kinaitwa Periplus. Aliyekiandika hajulikani jina. Anashuka na pwani hii yetu, yeye anaiita Azania, hadi soko la mwisho analoliita Rhapta, ambako anasema watu wana mashua zilizoshonwa. Halafu anaorodhesha bidhaa zinazoletwa. Mikuki. Mashoka madogo. Majambia. Sindano nene za kutobolea. Vitu vya kioo. Na hiyo mikuki, anasema, inatengenezwa Muza, bandari ya upande wa Yemen, mahsusi kwa ajili ya soko hili la huku.

Isome hiyo mara ya pili. Mahsusi kwa ajili ya soko hili. Miaka 2,000 iliyopita kuna mtu alikaa Yemen akajiuliza watu wa huku wanapenda chuma cha umbo gani, akawatengenezea hicho hicho. Na meli zikirudi zilibeba nini? Pembe za ndovu, pembe za kifaru, magamba ya kasa. Ndio, kasa, hawa hawa tunaowalinda Watamu leo.

Lakini usiende kusema kwamba sisi tulikuwa wanunuzi tu. Mwaka 1154 mwanajiografia al-Idrisi, akimwandikia mfalme Roger wa Pili wa Sicily, aliandika kuhusu Malindi kwamba watu wake wanachimba chuma na kwamba chuma ndiyo biashara inayowapa faida kubwa. Yeye mwenyewe hakufika huku, alikusanya habari za wasafiri. Lakini ardhi nayo imetoa ushahidi wake. Mwanaakiolojia Mkenya Chapurukha Kusimba ametumia miaka mingi kuchunguza ufuaji wa chuma wa Pwani, na kule Galu, kusini ya Mombasa, kukapatikana mabaki ya kazi ya kuyeyusha chuma. Kwa hivyo Malindi hii, tunayoenda leo kununua drili, iliwahi kuandikwa vitabuni kama mji wa watu wa chuma. Walimu wetu wa historia walitupa Vasco da Gama na mnara wake, hiyo ya chuma wakairuka.

Majina ndani ya sanduku

Sasa fungua sanduku la fundi yeyote mzee hapa Kilifi na usikilize majina. Nyundo na shoka ni maneno ya Kibantu ya zamani sana, utayakuta na ndugu zake kwenye lugha nyingi kutoka hapa hadi Kusini. Msumeno ukiusikiliza vizuri unasikia kisu na meno. Msumari umetoka Kiarabu. Sanduku lenyewe, Kiarabu. Randa, ile ya kulainisha mbao, ilikuja na Waajemi na Wahindi. Parafujo ni Kireno, wao wanasema parafuso. Spana ni Kiingereza. Betri na chaja unajua mwenyewe.

Hiyo ni historia ya Bahari ya Hindi nzima imelala kwenye sanduku moja lenye kutu. Kila mgeni aliyepita hapa aliacha kifaa na jina lake. Na fundi wa Pwani hakumwambia mgeni, "Kaka, hii haiingiani na seti yangu." Alichukua randa ya Mhindi, akafunga parafujo ya Mreno, akapiga na nyundo yake mwenyewe, na mlango ukafunguka.

Hicho ndicho ninachotaka kusema kwenye posti hii yote, na kila kitu kinachofuata kinarudi hapo. Kisanduku chetu hakijawahi kuwa cha rangi moja. Kilichanganyika, na kilifanya kazi kwa sababu vitu vilikubali kuchanganyika.

Chukua mfano wa keke. Wale ambao hamjawahi kuiona: ni kifaa cha kutoboa. Mti wa mviringo wenye ncha ya chuma chini, umezungushiwa kamba ya upinde. Unashika kichwa chake kwa mkono mmoja, mkono wa pili unavuta upinde mbele na nyuma, ncha inazunguka, mbao inatoboka. Kwa keke waundaji wa zamani walitoboa matundu ya mtepe, ile jahazi ya Waswahili iliyoshonwa kwa kamba za nazi bila misumari ya kuunganisha mbao zake. Chombo kizima kimeshonwa kama nguo. Hesabu matundu.

Sasa angalia keke kwa jicho la mtu aliyewahi kununua seti. Ncha ya chuma unafuliwa na mhunzi. Mti unachonga mwenyewe. Kamba ikikatika, unasokota nyingine kwa makumbi. Upinde ukivunjika, unakata tawi. Hakuna sehemu hata moja ambayo mtu mmoja tu duniani ndiye anaruhusiwa kukuuzia. Weka hiyo akilini, tutairudia.

Bastola ya Baltimore

Umeme uliingiaje kwenye mkono wa fundi? Mwaka 1895 kampuni ya Fein ya Ujerumani ilitoa drili ya umeme ya kubebwa mkononi. Ilikuwa nzito, ya kushikwa kwa mikono miwili, kifua kikisukuma. Kisha kule Baltimore, Marekani, S. Duncan Black na Alonzo Decker, waliofungua karakana yao 1910, wakapata wazo wakiangalia bastola. Kwa nini drili isishikwe kama bunduki, na kidole kimoja kwenye kifyatulio? Hati miliki yao ilitoka 1917. Drili yoyote uliyowahi kushika, ya bei ghali au ya bei ya kutupa, ina umbo hilo.

Mwaka 1961 Black & Decker wakatoa drili ya kwanza ya betri. Hapa nisahihishe kitu ambacho hata mimi nimewahi kukiposti: NASA hawakuvumbua drili ya betri. Ilikuwepo kabla. NASA walikuja baadaye kutafuta kampuni imtengenezee mwanaanga drili ya kutoboa mwezi, mahali ambapo kwa hakika hakuna soketi. Mwaka 1971, Apollo 15, David Scott alitoboa mwezi kwa drili ya betri na ikamsumbua vibaya, ncha zikakwama ardhini. Kama umewahi kutoboa ukuta wa matumbawe hapa kwetu ukakutana na ile sehemu ngumu, wewe na Scott mnaelewana.

Wajapani nao. Mosaburo Makita alianza Nagoya mwaka 1915, akiuza na kutengeneza mota na taa. Mwaka 1958 kampuni yake ikaanza kuuza randa ya umeme, 1969 wakatoa drili ya kuchajiwa, na 1978 wakaja na drili ya betri za nikeli na kadimiamu. Zilikuwa nzito na zikichoka haraka. Mambo yalibadilika kabisa 2005, pale Makita na Milwaukee walipoanza kuweka betri za lithiamu, aina ile ile iliyo kwenye simu yako. Drili ikawa nyepesi na ikawa na nguvu ya kweli. Hapo ndipo ile picha ya seti nzima ya betri ikazaliwa: drili, grainda, msumeno, feni, redio, vyote vikinywa kwenye betri moja.

Kwa nini ni ya manjano

Hii ndiyo sehemu iliyonivunja mbavu, kwa sababu ilinionyesha mimi mwenyewe.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Black & Decker walikuwa na shida. Walikuwa wakubwa duniani, lakini mafundi wa kazi huko Marekani walikuwa hawataki kuonekana na vifaa vyao. Sababu? Jina hilo hilo lilikuwa kwenye vyombo vya jikoni. Fundi gani atasimama saiti na drili yenye jina moja na kibaniko cha mkate cha mkewe? Makita walikuwa wameshika karibu nusu ya soko la mafundi hao.

Black & Decker walifanya nini? Walikuwa na jina la zamani kabatini: DeWalt, kampuni iliyoanzishwa na Raymond DeWalt mwaka 1924, wakainunua 1960. Mwaka 1992 wakalitoa jina hilo, wakalipaka manjano na nyeusi, wakaboresha vifaa na huduma, wakarudi sokoni. Mafundi wakapenda. Mmiliki yule yule.

Bosch nao wana bluu kwa mafundi na kijani kwa watu wa nyumbani. Milwaukee nyekundu na Ryobi ya kijani, ambazo mashabiki wake hutukanana mtandaoni, zote zinatengenezwa na kampuni moja ya Hong Kong, TTI. Yaani mnapopigana kwenye komenti zangu, mwenye kampuni anakula pande zote mbili.

Sisemi vifaa ni sawa vyote. Hapana. Kuna vyenye mota nzuri zisizo na brashi, kuna ambavyo gia zake ni kama za plastiki ya kijiko. Lakini rangi haikuambii hiyo. Rangi ilitengenezwa ili fundi asione haya. Na mimi, kijana niliyeacha chuo, nikiulizwa kila harusi na kila matanga "sasa siku hizi unafanya nini", nilikuwa mteja wao kamili. Sanduku la rangi moja lilikuwa linanijibia.

Seli kumi ndani ya plastiki

Miezi kumi na nne baada ya ile video, betri yangu moja ikafa. Nikaenda dukani. Wakaniambia modeli hiyo haiji tena, kuna mpya, na mpya haiingii kwenye drili yangu. Na hata ile ya zamani ingepatikana, bei yake ilikuwa inakaribia bei ya seti ya kuanzia yenye drili na betri mbili. Nilisimama pale na drili nzima, mota nzima, haina kosa lolote, na haifanyi kazi.

Nikaipeleka ile betri kwa fundi wa simu. Akaifungua. Wasee, ndani kuna seli kumi ndogo za mviringo. Nyingi duniani ni za saizi moja inayoitwa 18650, maana yake kipenyo milimita 18, urefu milimita 65. Kila seli ni volti 3.6. Panga tano mstari mmoja unapata 18. Zikitoka kwenye chaja moto moto kila moja inapita volti 4 kidogo, jumla kama 20. Ndio maana DeWalt huandika 20 kwenye betri za Marekani na 18 kwenye betri za Ulaya, na ni nguvu ile ile. Kwenye yangu, seli mbili kati ya kumi ndizo zilizokufa. Nane zilikuwa hai. Fundi akanionya pia: usichanganye seli mpya na kuukuu kwenye pakiti moja, na usiruke ile bodi ndogo ya kuzilinda, utachoma nyumba ya watu. Ukibadilisha, badilisha zote, na kwa mtu anayejua.

Kwa hivyo ndani, kampuni zote zinafanana sana. Kinachotofautisha ni umbo la plastiki ya nje, zile reli za kuingizia, na lugha ambayo betri inaongea na mashine. Hapo ndipo kufuli lilipo. Drili wanaweza kukuuzia kwa hasara, kwa sababu ukishakuwa na betri zao mbili, kifaa kinachofuata utanunua kwao tu. Seti ya rangi moja haikuwa pambo. Ilikuwa mlango unaofungwa kutoka nje.

Kumbuka keke. Hakuna aliyeweza kukunyima kamba.

Na kuna upande mwingine. Betri nyingi za lithiamu za aina hii zina kobalti ndani yake, na zaidi ya nusu ya kobalti ya dunia inatoka Kongo, maeneo kama Kolwezi, ambako watu wanachimba, wengine kwa sururu na mikono mitupu, wakiongea Kiswahili. Kinaenda mbali, kinarudi kikiwa na rangi, sisi tunalipa mdogo mdogo. Pembe na magamba ya kasa yalikwenda, mkuki wa Muza ukaja. Miaka 2,000, na mpangilio haujabadilika sana.

Haya mambo hayajaandikwa mbinguni lakini. Wakubwa mnakumbuka enzi za chaja za simu? Kila simu na pini yake. Umoja wa Ulaya ukapitisha sheria, na tangu mwisho wa 2024 simu mpya zinazouzwa kule lazima zitumie tundu moja la aina ya USB-C. Kwenye vifaa vya mafundi, mwaka 2018 Metabo wa Ujerumani walianzisha muungano wa kampuni kadhaa zinazotumia betri moja. Inawezekana. Ni vile tu hakuna anayewalazimisha, na sisi tuko bize kubishana rangi.

Keke ya betri

Hapa mngengoja nimlete mjomba wangu aje na vifaa vya zamani, stima ipotee, mashine zangu zife, yeye atoe keke ya babu aokoe kazi. Nisamehe. Haikuwa hivyo.

Mjomba ni seremala, anatengeneza milango na kurekebisha mashua kule upande wa Mida. Sanduku lake lina nyundo aliyoibadilisha mpini mara tatu, randa ya chuma ya Stanley aliyorithi, msumeno wa China, na tezo iliyofuliwa kutoka springi ya gari, kama zile wanazotumia wachongaji wa vinyago. Hakuna viwili vinavyofanana. Nilipompelekea drili yangu mara ya kwanza nilidhani atanihubiria kuhusu mikono na subira. Aliishika, akaipima uzito, akatoboa ubao wa mvule, akasimama kimya.

"Mwanangu," akasema, "ningekuwa na hii miaka thelathini iliyopita, bega langu lingekuwa zima."

Mkono wake wa kulia hauinuki kupita kifua. Ni miaka ya kuzungusha drili ya mkono, ambayo yeye mpaka leo anaiita keke. Na tangu siku ile drili yangu anaiita keke ya betri. "Nipatie hiyo keke ya betri." Kwake hakuna zama mbili. Ni keke ile ile, kamba imebadilika.

Hiyo ilinifunga mdomo na zile kelele zangu za "vya kale ni dhahabu". Pale kwenye mikoko, mashua imelala kwenye tope, soketi ya karibu iko kilomita moja. Kifaa cha betri pale ni uhuru wa mwili wa mtu. Anayekwambia fundi wa kijijini anafaa abaki na vifaa vya mkono ili tupige picha nzuri, mpe yeye hilo bega.

Lakini mjomba aliniuliza swali ambalo hakuna video ya kupanga vifaa iliwahi kuniuliza: "Hii betri, jirani yako anayo?"

Sikuelewa. Akanieleza. Zamani wao wakiwa na kazi kubwa, mtu alikuwa anakopa kwa mwenzake: patasi, jiriwa, tupa. Sanduku la kila mtu lilikuwa na mapengo, na mapengo yalizibwa na sanduku la jirani. Mimi nilijaza sanduku langu peke yangu mpaka likawa halina haja na mtu, na betri moja ilipokufa, hakuna mtu Dabaso nzima angeweza kunisaidia, kwa sababu hakuna mwingine mwenye ile.

Kwa hivyo tukafanya hivi. Tuko wanne: mjomba, mimi, jamaa wa fremu za aluminiamu, na dada mmoja anayefunga makabati ya jikoni. Tukakaa, tukachagua kampuni moja. Siitaji jina, mtaanza. Tuliuliza maswali matatu tu. Betri zake zinapatikana angalau kwenye maduka mawili tofauti kati ya Malindi na Mombasa? Betri ya miaka mitano iliyopita bado inaingia kwenye mashine ya mwaka huu? Kuna mtu huku anayeweza kuifungua na kuitengeneza? Kila mtu akanunua mashine anayotumia sana, moja tu. Betri ni za chama, ziko sita, chaja mbili, na kuna daftari la nani amechukua na lini. Mashine zangu za zamani niliuza kwa bei ya kuumiza. Nyundo na bisibisi nilibaki nazo, hizo hazihitaji betri ya mtu.

Unaona kilichotokea? Kumbe vifaa vya kufanana vina maana kubwa sana, ila kosa langu lilikuwa kutaka vifanane ndani ya sanduku moja. Vinafaa vifanane kati ya sanduku langu na lako. Ndani ya sanduku, changanya unavyotaka. Weka randa ya Mhindi na parafujo ya Mreno na tezo ya springi ya gari.

Haijakuwa rahisi. Wiki iliyopita jamaa wa aluminiamu alirudisha betri mbili tupu, usiku, na asubuhi tulikuwa na kazi. Tumegombana. Daftari lina ukurasa mmoja umechanwa na hakuna anayekubali. Tutaona kama tutafika mwaka.

Yule wa komenti, kama unasoma: mwezi huu tumetengeneza milango minne, madawati sita, na tumebadilisha mbao tatu za mashua moja pale Mida. Rafu yangu bado imeinama, sijaigusa, naiacha hapo nikumbuke.

Na nyinyi wengine, nina kazi moja kwenu. Leo ukifika nyumbani fungua sanduku la vifaa la mzee wako, au lile kopo la biskuti lenye misumari. Muulize kila kitu kinaitwaje na alikitoa wapi. Niandikie hapo chini jina ambalo hujawahi kulisikia. Nataka nione tutafika majina mangapi.